Picha Mbili za Bibi: Mpangilio wa Picha ni Kitu Gani Hasa?

Siku ya pili ya Idi, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, ziliingia picha mbili za bibi yetu wa Pangani. Zote zilipigwa alasiri ileile, bibi kakaa kwenye baraza ileile, kajitanda kanga ileile. Ya kwanza ilipigwa na binamu yangu kwa simu mpya ya bei kubwa. Ya pili ilipigwa na mpwa wangu wa kike wa miaka 15, kwa simu aliyoachiwa na mama yake, kioo kimepasuka pembeni. Ya kwanza ilipita kimya. Ya pili ilishangiliwa, watu wakaiweka kwenye wasifu wao, na shangazi yangu mmoja akaomba isafishwe aitundike sebuleni.

Hapo ubishi ukaanza. Mmoja alisema simu ya mtoto lazima ina filta. Mwingine akasema simu za zamani zilikuwa na kamera imara kuliko hizi za sasa. Wa tatu, aliyekuwa ametazama mafunzo mafupi mtandaoni, akaja na "kanuni ya theluthi": bibi amekaa katikati kabisa, kwa hiyo kitaalamu picha ile ina kosa. Ni hili la tatu lililonisukuma kuandika. Nimepiga picha za harusi na mahafali kwa miaka mingi, na nimeona vijana wenye jicho zuri wakikata tamaa kwa sababu hawana pesa ya kamera, na wengine wakiiharibu picha nzuri ili iingie ndani ya kanuni moja waliyoikariri.

Tuanze na maneno matatu. Mhusika ni kile unachotaka mtazamaji akione kwanza: uso wa bibi, sahani ya urojo, goli lililofungwa. Fremu ni mipaka minne ya picha, juu, chini, kushoto na kulia. Usuli ni vyote vilivyo nyuma ya mhusika. Mpangilio wa picha, basi, ni uamuzi wa mahali mhusika atakapokaa ndani ya fremu, atakuwa na nani au nini, na kipi kitabaki nje. Hicho cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote.

Aliyekulia kwenye nyumba yenye kanga analijua jambo hili tangu utotoni. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne. Ina mji, ndiyo sehemu ya katikati. Ina jina, yale maandishi yanayokaa upande wa chini wa mji. Mchoraji wa kanga hatawanyi maua ovyo. Anajua pindo liko wapi na jina litasomeka wapi. Mvaaji naye hupanga kwa mara ya pili, akiizungusha mpaka jina likae panapoonekana. Na fundi akiikata kanga katikati ya jina, rangi ziwe nzuri namna gani, mwenye kanga ataumia. Fremu ya picha ni pindo la namna hiyo. Kila kilichomo ndani kinahusiana nalo, na kila linapokata, linakata kitu.

Kamera haijui unampenda nani

Ukimtazama bibi yako barazani, humwoni peke yake. Jicho linapokea kila kitu, lakini akili inachuja: inamweka bibi mbele, na vingine inavisukuma pembeni mpaka unasahau kuwa vipo. Kamera haina mapenzi hayo. Ndoo nyekundu iliyo ukutani inaipa uzito uleule inaoupa uso wa bibi. Ndiyo maana mtu hupiga picha akiwa na hakika kwamba ni nzuri, kisha akiifungua nyumbani anashangaa: hii kamba ya nguo ilitoka wapi?

Ilitoka palepale. Ilikuwepo muda wote.

Tazama picha ya binamu yangu. Alisimama barabarani, wima, akapiga kutoka usawa wa macho yake mwenyewe. Kwa hiyo bibi, aliyekuwa amekaa, anaonekana kutoka juu, mdogo, kama mtu anayesemeshwa na aliyesimama. Nyuma yake upande wa kulia kuna bodaboda iliyoegeshwa. Kuna ile ndoo. Kuna nusu ya mtu anayeingia kwenye fremu, bega na mkono tu. Simu yake ni nzuri kweli, kila kimoja kimeonekana vizuri sana, na hapo ndipo tatizo lilipo: kila kimoja.

Mpwa wangu alifanya mambo matatu. Alisogea mbele kama hatua nne. Akachuchumaa mpaka simu ikawa sawa na kifua cha bibi. Kisha akasogea hatua moja kushoto. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu nguzo ya baraza iliificha bodaboda, na mlango wa zamani wa kuchonga ukahamia nyuma ya bibi, ukamzunguka kwa miimo yake kama fremu ndani ya fremu.

Inawezekanaje hatua moja ibadilishe kiasi hicho? Kaa dirishani kwenye basi la kutoka Segera kwenda Mombo. Mikonge iliyo karibu na barabara inakimbia kurudi nyuma, lakini milima ya Usambara kwa mbali inakwenda nawe kana kwamba imepanda basi. Unaposogea, vitu vya karibu huhama sana na vya mbali huhama kidogo. Kwa mpiga picha hii ni zawadi. Bibi yuko karibu, mlango uko nyuma yake, bodaboda iko mbali zaidi. Ukisogea kidogo kushoto au kulia unavipanga upya vyote vitatu bila kumwomba mtu yeyote ainuke. Mnazi unaoonekana kuota kwenye kichwa cha bwana harusi unaondoka kwa hatua moja ya pembeni. Nimewahi kuona watu wakitumia nusu saa kuufuta kwa programu.

Hapa pia ndipo unapokosea ukitegemea kuvuta kwa vidole. Kwenye simu nyingi, ukishavuta kupita uwezo wa lenzi, unachofanya ni kukata picha na kuikuza, basi. Bodaboda itabaki palepale ubavuni mwa bibi, ila kubwa zaidi. Kupanga upya kunahitaji miguu.

Miguu hiyohiyo inajibu lalamiko jingine ninalolisikia sana, kwamba selfi inakuza pua. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu na lenzi kuliko masikio kwa sehemu kubwa ya umbali huo, na kilicho karibu huonekana kikubwa. Mpe mtu mwingine simu, arudi nyuma mita moja na nusu, tofauti ile inakuwa ndogo mno. Sura yako ni ileile, umbali ndio uliobadilika.

Na megapikseli je? Megapikseli moja ni nukta milioni moja zinazounda picha. Picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000 ina megapikseli 12. Picha ya kusafisha ya sentimita 10 kwa 15, ile ya kawaida ya albamu, hutoka safi kabisa kwa megapikseli 2 hivi. Kwa hiyo simu ya mpwa wangu ilikuwa na nukta za kutosha na ziada, na idadi ya nukta haina uwezo wa kusogea hatua moja kushoto kwa niaba yako.

Kanuni ya theluthi, na kwa nini katikati si dhambi

Kanuni yenyewe ni rahisi. Chukua fremu, igawe kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, upate vyumba tisa vilivyo sawa. Mistari inakutana sehemu nne. Kanuni inashauri umweke mhusika karibu na mojawapo ya sehemu hizo, na mstari wa upeo, pale bahari na anga vinapokutana, uuweke kwenye mmojawapo wa mistari ya mlalo badala ya katikati. Simu nyingi zinaweza kukuwekea mistari hiyo kwenye skrini. Iko kwenye mipangilio ya kamera kwa jina la gridi.

Watu wengi hudhani kanuni hii ilizaliwa pamoja na kamera. Jina hilo lilitumiwa na mchoraji wa Kiingereza John Thomas Smith mwaka 1797, akizungumzia mandhari zinazochorwa kwa brashi, wakati upigaji picha ulikuja kutangazwa kwa umma mwaka 1839. Hoja yake ilikuwa ya kawaida kabisa: ukiipa anga nusu na nchi nusu, vitu viwili vyenye nguvu sawa vinavutana na mtazamaji hajui kipi ndicho kikuu. Kimoja kikipata sehemu mbili na kingine moja, shauri limekwisha. Ulikuwa ushauri kuhusu kuamua. Kamera imeurithi, na sisi tumeugeuza kuwa sheria ya kupimia picha za watu.

Jiulize kwa nini ushauri huo hufaa mara nyingi. Anayeanza kupiga picha huweka kila kitu katikati kwa sababu simu yenyewe inamvuta huko: anaona uso, anaulenga kama anayelenga embe kwa manati, anabonyeza. Uso unakuwa katikati, juu yake kunabaki anga kubwa lisilo na kazi, na chini miguu imekatwa kwenye vifundo. Kanuni ya theluthi inamzuia asiwe mlengaji. Inamfanya aulize pembeni kuna nini.

Halafu kuna suala la upande anaoelekea mhusika, na kwangu hili ni muhimu kuliko vyumba tisa. Piga picha ya ngalawa inayokwenda kulia. Ukiiweka ikigusa ukingo wa kulia wa fremu, inaonekana kana kwamba inagonga ukuta. Iache upande wa kushoto, bahari ibaki mbele yake, na mtazamaji ataiona inakwenda. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayetazama pembeni, na mtoto anayekimbia. Nafasi tupu iliyo mbele yao ina kazi: ni pale wanapokwenda.

Sasa rudi kwa bibi. Yeye hakuwa anakwenda popote. Alikuwa amekaa, kaielekea kamera, miimo miwili ya mlango ikimlinda kushoto na kulia kwa ulinganifu. Kitu chenye pande mbili zinazofanana, kama mihrabu ya msikiti, mlango wa kuchonga, au maharusi waliokaa kwenye kiti kimoja, kinaomba katikati. Kukisogeza pembeni kwa ajili ya kanuni ni kukivunja. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi, mara nyingi alimweka mnyama mmoja mkubwa akajaza ubao wote, karibu agonge kingo. Hakuna theluthi hapo. Kuna chui, na macho ya chui, na huwezi kutazama pengine.

Ukingo wa fremu, ambao watu hawautazami

Kabla ya kubonyeza, peleka macho kwenye kona nne za skrini, moja baada ya nyingine. Haichukui sekunde tatu. Kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu jambo moja tu, lingekuwa hili. Takataka nyingi za picha huishi pembeni: nusu ya mkono, mguu wa kiti, tairi, taa inayowaka. Jicho la binadamu hukimbilia sura za watu, maandishi, sehemu zenye mwanga mkali na rangi kali kama nyekundu. Ukiacha bango la vocha kwenye kona, mtazamaji atalisoma kwanza, kisha ndipo atamrudia bibi. Atalisoma hata kama hataki.

Kwa watu, angalia pia fremu inakata wapi. Ikikata kwenye kiungo, yaani goti, kiwiko, kifundo au shingo, mwili unaonekana umepungua. Ikikata katikati ya paja au kifuani, inaonekana umechagua.

Studio za zamani zilikuwa zimelitatua hili kwa namna yake. Pale Mji Mkongwe wa Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Studio za enzi hizo zilikuwa na pazia la usuli, kiti na taa zilizokwisha kupangwa, na filamu ya kawaida ya baadaye, ya milimita 35, ilikuwa na picha 36 tu. Kila picha iligharimu pesa. Mpiga picha alikuja mpaka kwako, akakuinua kidevu kwa vidole viwili, akakunyoosha kola, akarudi nyuma ya kamera, akatazama tena. Wazee wanaosema picha za zamani zilikuwa nzuri hawakosei, ila sababu si mashine. Kulikuwa na mtu aliyetazama kabla ya kubonyeza.

Maumbo yasigongane

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kijana mmoja wa Kifaransa aliona picha ya Martin Munkácsi, mpiga picha kutoka Hungaria. Vitabu vingi vimeitaja kuwa ni picha ya Ziwa Tanganyika: wavulana watatu wa Kiafrika, wamempa mgongo mpiga picha, wanakimbilia ndani ya maji, miili yao myeusi ikikata povu jeupe la wimbi. Kijana huyo alikuwa Henri Cartier-Bresson, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa karne ya 20, na maisha yake yote alisema ni picha hiyo iliyomwasha moto.

Ukiitazama utaona kwa nini. Kila mkono na kila mguu unasomeka peke yake, kama herufi. Kama Munkácsi angebonyeza mapema kidogo au kuchelewa kidogo, huenda miili ile ingepandana ikawa donge moja jeusi. Hii ndiyo sehemu ya mpangilio inayohusu wakati. Kwenye harusi, wakinamama wakicheza, usibonyeze mara tu unapoona furaha. Subiri sura zisizibane, kila kichwa kipate nafasi yake dhidi ya usuli. Inakuja, kisha inaondoka, kisha inakuja tena.

Mistari nayo husaidia. Gati, ukuta wa Forodhani, reli, safu ya minazi: jicho hufuata mstari kama mtu anavyofuata njia, kwa hiyo hakikisha mwisho wa njia kuna mhusika. Kitu cha karibu kabisa mbele ya fremu, ukingo wa dau au majani ya mwembe, huipa picha kina, mtazamaji ajue kuna karibu na mbali. Sina mengi ya kuongeza hapo, jaribu utaona.

Mwanga ni somo la peke yake, lakini unaingia kwenye mpangilio kwa mlango mmoja: jicho hukimbilia panapong'aa. Saa sita mchana jua liko utosini, macho ya mtu yanazama kivulini na paji la uso linang'aa, basi mtazamaji anatazama paji. Mwingize kivulini, kwenye kizingiti au chini ya mwembe, akiwa ameelekea nje kwenye mwanga. Jioni ni nzuri zaidi, ila ukumbuke kwetu karibu na Ikweta jua hushuka karibu wima, na ule mwanga laini wa dhahabu haukai kama unavyokaa nchi za mbali kaskazini. Uwe umeshachagua mahali kabla haujafika.

Kukata baada ya kupiga

Kuna wanaoamini kwamba kukata picha baadaye ni udanganyifu. Cartier-Bresson mwenyewe alikuwa karibu na imani hiyo, hakupenda kabisa picha zake zikatwe. Lakini picha yake ya mwaka 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare, Paris, ilikatwa, kwa sababu alipiga kupitia upenyo wa uzio wa mbao na sehemu ya uzio ikaingia kwenye fremu. Kama alilazimika yeye, usione haya wewe. Kata ili kuondoa kilichokuponyoka.

Jihadhari tu na mkato usiouchagua. Picha za wasifu hukatwa kuwa duara, kwa hiyo uso uliouweka vizuri kwenye theluthi unaweza kupoteza sikio. Na umbo la picha ya simu, mara nyingi, ni 4 kwa 3, wakati karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ni 3 kwa 2. Hazilingani. Ukipeleka picha ya simu isafishwe kwa saizi hiyo ikajaza karatasi, sehemu moja kati ya tisa itakatwa: kwa picha iliyolala ni juu na chini, kwa iliyosimama ni kushoto na kulia.

Picha ya bibi ilikuwa imesimama. Dukani walituuliza kama tunataka 10 kwa 15 kama kawaida, na mpwa wangu akaomba waionyeshe kwenye skrini kwanza. Nusu ya mwimo wa kushoto ilikuwa imekwenda. Tukachukua 15 kwa 20, ambayo ni 3 kwa 4 kamili, na mlango ukatoka mzima, miimo yote miwili, bibi katikati.